Pima Mbili za Mchangani

Kamba ya Mwero wa Boga ilikuwa na mafundo kumi na manane, na kutoka fundo hadi fundo ni pima moja, yaani mikono ya marehemu babake ikiwa imenyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mkewe, Kahaso, aliwahi kuanika leso juu yake mara moja tu, na zogo lililozuka siku hiyo kwao, huko bara ya Mkongani, majirani walilisimulia miaka. "Hii ni kamba," Kahaso aliuliza mbele ya watu, "au umeniolea mke mwenza?"

Cheka ukipenda, lakini kamba ile ilinywesha watu. Huko kwao nchi imekauka, miti ni ya miba, na mwanamke akitoka kuteka maji alfajiri hurudi jua la utosi. Mchimbaji wa kisima katika nchi ya namna hiyo hachezewi. Mwero alianza kushuka shimoni na babake kabla ndevu hazijamwota, na alipofika miaka hamsini alikuwa ameacha visima ishirini na kitu nyuma yake. Hakuna hata kimoja kilichokauka. Nyie mnaofungua bomba leo na kununa kwamba maji yanatoka kidogo, kaeni kitako msikilize habari za mtu huyu, maana hakusoma hata darasa moja, na timazi yake ilikuwa jiwe na uzi.

Mzee Boga alimwachia kamba na sheria mbili. Ya kwanza: ukishakuta maji usishangilie, shuka pima mbili zaidi, kwa sababu kiangazi kikija maji hukimbilia chini, na kisima lazima kiwe kimetangulia kuyangojea huko. Ya pili: mwanamke asikaribie mdomo wa kisima mpaka kazi iishe. Mwero alikuwa akihesabu hatua kumi na mbili kutoka shimoni, anamwaga mstari wa majivu kuzunguka, na ng'ambo ya mstari ndiko wanawake wote walikoishia, awe bibi, awe bi harusi. Sababu yake babake hakumwambia, naye hakuuliza.

Basi mwaka wa pili wa uhuru, watu wa Mchangani wakamwita. Mchangani ni kijiji cha pwani, baina ya Msambweni na mto Ramisi, na wakati huo walikuwa wakinywa maji ya bwawa. Ng'ombe walikunywa upande mmoja na watu upande wa pili, kana kwamba maji yanajua kujitenga! Kila masika watoto walishikwa na tumbo la kuhara, na kila masika makaburi madogo yaliongezeka. Siku hizo harambee ilikuwa imepamba moto. Bwana maendeleo alikuja na lori la saruji, akashusha, akawaambia wazi: vifaa ni hivi, vingine havipo, mikono iwe yenu. Wakachagua kamati. Mwenyekiti alikuwa Alfani, mchoma chokaa, mtu mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi wa kukasirika, na ndiye aliyefunga safari kwa baiskeli hadi bara ya Mkongani kumtafuta fundi.

Mwero alifika na kamba yake begani. Aliwafundisha vijana wa kijiji kumimina pete kubwa za saruji kwenye kalibu ya mbao, akaitanguliza moja chini, akawa anachimba ndani yake ili ishuke kwa uzito wake, kisha ya pili juu yake, na ya tatu. Kazi ilikuwa safi. Juu kulikuwa na mchanga, kisha likafuata tumbawe laini linaloliwa na sururu bila ugomvi. Mwero aliimba akichimba, na sauti ilitoka shimoni nzito.

Kila siku alikuja mtoto mmoja, Mwanapili, binti wa miaka minne, mjukuu wa Bi Mwanarusi. Alisimama vidole vyake vya miguu vikigusa majivu, kwa kuwa aliambiwa asivuke, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Babu, yashatoka?"

"Bado, mjukuu wangu!" Mwero alijibu kutoka chini.

"Haya, fanya haraka!"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mtu mzima aliyemkoromea mkewe kwa ajili ya kamba, sasa anaamrishwa na kitoto, naye anaitikia.

Siku ya tisa, pima ya nne, maji yakatoka. Yalikuwa haba, lakini matamu, ya baridi, na vigelegele vilisikika hadi barabarani. Lakini Mwero hakupanda juu. Aliagiza sururu nyingine, kwa kuwa pima mbili za babake zilikuwa bado. Ndipo Bi Mwanarusi, nyanyake Mwanapili, aliposimama kwenye mstari wa majivu, akaita. Mama huyu alizaliwa kisiwani Funzi, akaolewa Mchangani, akafiwa na mume, na hakuwa na tabia ya kusema maneno mawili pale moja linapotosha.

"Fundi! Yatosha hapo hapo! Usishuke tena, chini yake pana chumvi!"

Mwero akainua uso, jasho likimtiririka. "Dada," akasema, "kila mtu na shimo lake. Mimi nachimba visima, wewe wachimba mihogo."

Wanaume wakaangua kicheko, Alfani wa kwanza.  Bi Mwanarusi alimshika mjukuu wake mkono, akampa fundi kisogo, akaenda zake.

Mwero akashuka pima zake mbili. Maji, ingawa yalichotwa bila kupumzika, yakamfika kiunoni, akaona raha, akajua hiki ni kisima cha watoto wa watoto wao. Mdomo ukajengwa, roda ya kuvutia ndoo ikatundikwa, majivu yakafagiwa, na kikombe cha kwanza akapewa Mwanapili, akanywa chote na kuomba kingine. Mchimbaji akaagwa kwa heshima zote, mbuzi mmoja na leso jozi ya mke, ambayo Kahaso aliivaa siku tatu mfululizo.

Miezi mitano baadaye Mwero alikuwa Ramisi, ameitwa kuchimba msingi wa nyumba karibu na mashamba ya miwa. Asubuhi moja ameketi mkahawani na kikombe cha chai na mahamri, akasikia wakata miwa wakitaniana meza ya pili. "Wewe ni wa Mchangani?" mmoja alimwuliza mwenzake. "Basi nyinyi mna bahati, mwapika bila kununua chumvi. Mwateka tu kisimani!" Meza nzima ikalipuka kwa kicheko.

Mwero akaweka hamri chini, akawageukia. Aliuliza, akaambiwa. Kisima kilikaa vizuri wiki tatu. Kisha wanawake wakaanza kuona chai haina ladha yake, kisha sabuni ikakataa kutoa povu, na mwezi wa pili hata ng'ombe walinusa wakaondoka. Watu wakarudi bwawani, na masika ikawakuta huko huko.

Hakumaliza chai. Alikwenda kwa miguu, na njia nzima alijiambia kwamba wamekosea wao, wameacha mdomo wazi, wameingiza ndoo chafu, au mtu ana kijicho. Mtu akiumwa na roho hutafuta wa kumbebesha. Alipofika, Alfani alikuwa kwenye tanuri lake la chokaa. Alipomwona, alitupa koleo chini.

"Ala! Umekuja kuongeza pilipili?"

Mwero alistahimili. Alfani alisema yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi. Mwishowe Mwero akaomba apelekwe kwa Bi Mwanarusi, maana katika maneno yote yale yaliyomwagika, moja lilikuwa limemrudia tangu Ramisi: yatosha hapo hapo.

"Hodi, dada."

"Karibu, kaka. Kaa."

Alimkaribisha kwa adabu, na adabu ile ilimchoma kuliko matusi ya Alfani. Alimletea maji ya kisima katika kikombe. Mwero akanywa funda moja, akashindwa kulimeza, akalimeza kwa aibu. Kisha, ili aseme kitu, akaangaza macho uani akauliza, "Yule mkubwa wangu wa kazi, wa kuniamrisha nifanye haraka, yuko wapi? Sijamsikia."

Bi Mwanarusi alikipokea kile kikombe, akakiweka chini. "Alitutoka masika," akasema. "Siku mbili tu za tumbo. Yuko pale nyuma, penye mpera."

Mwero alikuwa mwanamume wa kushuka pima kumi na nane gizani bila kutetemeka, na hapo alilia mbele ya mwanamke asiye ndugu yake, kwa sauti, kamasi na machozi pamoja. Bi Mwanarusi alimwacha alie hadi akatosheka.

"Dada," alisema, "nifundishe."

Sasa hapa ndipo ninapompendea mtu huyu. Mafundi wa kusifiwa ni wengi, na wanaokosea ni wengi zaidi. Lakini niletee mmoja wa miaka hamsini, mwenye visima ishirini na kitu, anayeweza kumwambia mchimba mihogo hayo maneno mawili, nami nitamvulia kofia.

Bi Mwanarusi alichukua sufuria, akatia maji ya bahari nusu. Juu yake akaelekeza kipande cha jani la mgomba, akamimina maji ya mvua juu ya jani, taratibu, tone kwa tone, mpaka sufuria ikakaribia kujaa. "Teka kwa kata," akasema, "kwa juu, usikoroge." Mwero akateka kidogo kwa ile kata ya kifuu, akaonja. Matamu. Kisha mama akampa bua la mpapai, akamwambia alizamishe hadi chini avute. Akavuta, akatema.

"Sisi wa Funzi twalinyonya jambo hili na maziwa ya mama," alisema. "Maji ya mvua yamelala juu ya maji ya bahari, chini ya ardhi hii yote. Hayakuchanganyika kwa sababu hakuna aliyeyakoroga. Wewe ulipita ya mvua ukaitoboa bahari. Tena ulichimba siku za bamvua, bahari inapojaa sana na kupwa sana, nawe ukakuta maji yamekupwa, na kisima kikapwa pamoja na bahari. Ukaona maji haba, ukadhani yatakimbia. Yangerudi saa sita baadaye. Ningekwambia, lakini nilikuwa nyuma ya majivu."

Mwero akaitazama ile sufuria muda mrefu. Huko kwao, maji hukimbilia chini. Hapa, chini ndiko kwenye adui. Sheria ya babake haikuwa ya uongo, ilikuwa ya kwao.

"Haya, tuchimbe kingine kifupi," akasema Alfani, aliyekuwa amewafuata na kusimama mlangoni.

"Kwa saruji gani?" Bi Mwanarusi akauliza. Saruji ilikuwa imekwisha yote, na bwana maendeleo alishasema lori lingine haliji. Kilichokuwapo ni kisima kile kile na zile pete zake. Kama hakingepona, masika ijayo ingewakuta tena bwawani, na kila aliyekuwa pale alijua hesabu yake, nyumba kwa nyumba, watoto kwa majina.

"Basi nitakifukia," Mwero akasema.

Walidhani wamesikia vibaya. Kwa kina Boga, kisima hakifukiwi ila kimeua mtu ndani. Ukikifukia umetangaza msiba. Mwero alijua anasema nini. "Hiki kimeua," akasema. "Nitafukia zile pima mbili, kwa mikono yangu, hadi pale uliponiambia inatosha. Lakini, dada, nataka usimame mdomoni. Sitaki majivu."

Kazi ilianza siku za maji mafu, kwa amri ya Bi Mwanarusi, kwa kuwa siku hizo bahari haipandi sana wala haipwi sana. Walichota maji kwa zamu hadi yakapungua. Wakashusha udongo wa mfinyanzi uliokandwa na chokaa ya Alfani, ambaye sasa aliichoma bure na kupayuka mchana kutwa kwamba chokaa yake haina mfano pwani nzima. Udongo ulihitaji kushindiliwa hasa, la sivyo chumvi ingepenya. Wanaume walijaribu kwa magogo, ikawa mchezo wa kuigiza. Ndipo wanawake walipoleta michi yao ya kutwangia, na Bi Mwanarusi akavua viatu, akafunga leso kiunoni, akashuka ngazi ya kamba mwenyewe pamoja na wenzake wawili. Walitwanga pale chini kwa mpigo mmoja kama wanaotwanga mahindi ya arusi, na nyimbo zao zilitoka juu pamoja na vumbi la chokaa. Mwero alikuwa kando yao, akieneza udongo. Mzee Boga kaburini, sijui alisemaje.

Ilibaki shida ya pili, ambayo Mwero aliitatua mwenyewe. Kisima kilichobaki kilikuwa kifupi, maji yangefika gotini tu, na kijiji kizima hakiwezi kunywa maji ya gotini. Alikaa siku mbili akiitazama ile kata ya kifuu. Kata haichimbi chini, inapita juu juu, kwa upana. Siku ya tatu akachukua tindo na nyundo, akatoboa pete iliyo juu kidogo ya ule udongo pande nne, pale pale maji yalipokaa, akaanza kuchimba mashimo ya kwenda ubavuni ndani ya tumbawe. Alilala kifudifudi, maji yakimgusa kidevu, akatoa mawe kwa kiganja. Pima tatu kila upande, mikono minne ya kupokea maji matamu bila kuisumbua chumvi iliyo chini. Alitumia wiki nne, na ngozi ya viwiko vyake ilikwisha kabisa.

Alipotoka mara ya mwisho walifunika mdomo kwa mbao na Mwero akasema neno gumu kuliko yote: "Asiteke mtu. Asionje mtu. Maji yamekorogwa, yaache yalale hadi mvua za vuli zipite."

Miezi minne! Alfani alitaka kupasuka. Alikizunguka kisima kila siku kama paka aliyenusa samaki. "Kijiko kimoja tu," alimwomba Bi Mwanarusi. Mama akaweka kigoda juu ya mbao na kushona ukili hapo hapo. Mwero naye alirudi kwake kupalilia, na Kahaso anasema hakuwahi kuishi na mtu wa namna ile: akiletewa maji anaonja kwanza, usingizini anahesabu mafundo, mvua ikinyesha anatoka nje na kusimama ndani yake. "Ikiwa bado ni chumvi?" Kahaso alimwuliza siku moja. Mwero akashika jembe, akaenda shambani. Alikuwa amekwisha kujua kwamba, ikiwa bado ni chumvi, hatashika tena sururu maishani mwake.

Vuli ilinyesha vizuri. Mwezi mmoja baada yake, Mwero akaja Mchangani, na safari hii Kahaso alifuatana naye, leso ile ile mwilini. Kijiji kizima kilikuwa kisimani, na hakuna aliyefanya mzaha. Mbao zikaondolewa. Bi Mwanarusi alitazama bahari, akatazama kivuli, akangoja kidogo, kisha akasema sasa. Akashusha ndoo ndogo bila kuibamiza, akaipandisha kwa roda, akateka kwa kata.

Alikunywa yeye kwanza. Uso haukusema lolote. Akampa Mwero.

Mwero akanywa. Akayaweka mdomoni, akayazungusha, akayameza, akafumba macho.

"Haya!" Alfani akapiga kelele. "Vipi? Sema, bwana we, mwatuua!"

 Mwero akateka tena kwa kata ile ndooni, ikajaa, akamtazama Bi Mwanarusi kama anayeomba ruhusa. Mama akaelewa. "Twende," akasema. Watu wakawapisha njia, na nyuma yao wakasikia Alfani ameinamia ndoo kwa mdomo wake mwenyewe, kisha vigelegele.

Kamba ile bado ipo kwa wajukuu wa Boga, lakini mafundo yake ni kumi na sita. Mawili ya mwisho Mwero aliyakata siku hiyo hiyo, akayafunga kwenye nguzo ya roda, ili fundi yeyote atakayekuja na akili ya kushuka zaidi ayaone kwanza. Wanawake wa Mchangani wakashika kamati na saa za kuteka, na masika iliyofuata hawakuzika mtoto. Hayo yalikuja baadaye. Kwanza Mwero alikwenda penye mpera, kata mkononi, bila kumwaga hata tone.

Alipiga magoti, akayamimina juu ya kaburi dogo taratibu sana, kama alivyofundishwa.

"Yashatoka, mjukuu wangu," akasema. "Niwie radhi, nimechelewa."